Usipoziba Ufa: Maneno juu ya Timu Yetu Mwanzoni mwa Msimu

(Hotuba ya Halmashauri ya Michezo, iliyosomwa mbele ya Mkutano Mkuu wa Mwaka)

Bwana Mwenyekiti, Wazee wetu waheshimiwa, Mabibi na Mabwana wanachama,

Tumepewa nafasi hii ili tuseme juu ya timu ya mpira ya chama chetu, nasi twaipokea kwa shukrani, maana jambo lililo mbele ya mkutano si dogo. Msimu ungali mchanga, lakini timu imekwisha kushindwa mara kadhaa mfululizo. Baadhi ya wanachama wameleta shauri kwamba mwalimu wa timu aondolewe, wachezaji wakongwe waachwe, na fedha ya timu irudishwe katika mfuko wa mazishi na karo. Wanaosema hivyo si adui wa timu. Ni watu wanaotoa mchango wao kila mwezi bila kukosa, tena wengine hutoa wakiwa na dhiki nyumbani, na ni haki yao kuuliza mchango huo unafanya kazi gani.

Hatukuja hapa kuwaombea vijana huruma. Tumekuja kuweka mbele yenu swali moja, nalo ni hili: timu inaposhindwa mwanzoni mwa msimu, je, kasoro imo ndani ya watu wenyewe, au imo katika mahali walipowekwa, au imo katika hesabu ya watu walioko? Magonjwa haya matatu kwa nje hufanana, kwa sababu yote huonekana kama mabao yaliyoingia langoni. Lakini dawa zake si moja, na mtu akimnywesha mgonjwa dawa ya ugonjwa mwingine, huenda akamwua.

Ili tulichunguze swali hili bila hasira, tumechagua mfano wa mbali. Mfano wa karibu huleta ugomvi, kwani kila jina litakalotajwa lina baba au mjomba wake aliyeketi humu ukumbini. Basi twende Uingereza, kwenye ligi ambayo vijana wetu huitazama kila Jumamosi, na ambayo wazee hata wasipoitazama huisikia kwa kelele za watoto sebuleni.

Mwaka 2016 timu ya Chelsea ya London ilipata mwalimu mpya, Mwitaliano aitwaye Antonio Conte. Alikuwa mtu wa sifa, kwani aliipatia Juventus ya Italia ubingwa mara tatu mfululizo, toka 2012 hata 2014. Lakini timu aliyoirithi ilikuwa imevunjika moyo. Mwaka 2015 ilikuwa bingwa, na msimu uliofuata ikamaliza katika nafasi ya 10, huku mwalimu aliyeipa ubingwa huo akiondolewa kazini mwezi wa Desemba. Tena msimu wa 2016 ulianza kabla ya timu kukamilika. Mechi ya kwanza ilichezwa tarehe 15 Agosti, na mabeki wawili waliokuwa wakitafutwa, yaani David Luiz na Marcos Alonso, hawakupatikana hata siku ya mwisho wa Agosti.

Mwanzo ulionekana mwema. Mechi tatu za kwanza walishinda zote. Lakini tarehe 11 Septemba timu ikatoka sare ya 2–2 na Swansea, na nahodha wao, John Terry, beki mkongwe aliyekuwa kama nguzo ya nyumba, akaumia kifundo cha mguu. Siku tano baadaye wakafungwa 2–1 na Liverpool katika uwanja wao wenyewe. Kisha tarehe 24 Septemba wakaenda kwa jirani zao Arsenal, wakafungwa mabao matatu kabla ya mapumziko, na mchezo ukaisha 3–0. Katika mechi tatu walikuwa wamefungwa mabao saba. Baada ya mechi sita walikuwa na pointi 10, hali Manchester City walioongoza walikuwa nazo 18. Pengo la pointi nane katika mwezi wa pili wa ligi si pengo la kuchekewa.

Wazee wetu, fikirini maneno yaliyosemwa mjini London jioni ile. Yalikuwa maneno yale yale yasemwayo hapa kwetu. Mabeki wamezeeka. Mwalimu haijui ligi hii. Wachezaji hawana moyo. Na mtu angeweza kuyaamini yote, maana matokeo yalikuwa ushahidi.

Lakini mwalimu yule alitazama jambo jingine. Alikuwa akipanga mabeki wanne nyuma, na mbele yao wachezaji wa katikati watatu. Aliona ya kwamba mabeki wa pembeni walipopanda kushambulia, nyuma yao palibaki uwanja mtupu, na wale wawili wa kati waliachwa kuzuia watu waliokuja kwa kasi. Aliona pia kwamba katikati palikuwa na fundi hodari wa kutoa pasi, Cesc Fàbregas, ambaye hakuumbwa kwa kukimbizana na adui. Basi siku ile ile, kipindi cha pili kilipokuwa kimekwenda kama dakika kumi, mchezo ukiwa umekwisha kuharibika, alimtoa Fàbregas akamwingiza Alonso, akabadili mpango mzima. Mabeki wakawa watatu kati, na wawili wengine wakawekwa pembeni kabisa, mmoja kila upande, kazi yao kuupanda na kuushuka uwanja mzima. Mchezo haukuokolewa siku ile. Lakini ufa ulikuwa umeonekana, na wahenga wamekwisha kutuonya: usipoziba ufa, utajenga ukuta.

Tarehe 1 Oktoba timu ikaanza mchezo kwa mpango huo mpya, ikaishinda Hull 2–0. Pamoja na hiyo ikashinda mechi sita mfululizo bila kufungwa hata bao moja, yenyewe ikifunga mabao 17. Na katika hizo, Manchester United walifungwa 4–0 na Everton 5–0. Ushindi ukaendelea hata ukafika mechi 13 zilizofuatana, ukakatika tarehe 4 Januari 2017 mbele ya Tottenham. Mwezi wa Mei Chelsea wakawa mabingwa kwa pointi 93, wakiwa wameshinda mechi 30 kati ya 38.

Sasa tunawaomba mzingatie jambo ambalo ndilo kiini cha maneno yetu. Kati ya tarehe 24 Septemba na tarehe 1 Oktoba hakununuliwa mchezaji hata mmoja, wala haikuwezekana kumnunua, kwa kuwa muda wa usajili ulikuwa umepita. Watu walikuwa wale wale. Kilichobadilika ni mahali pa kila mtu na kazi aliyopewa.

Mtazameni Victor Moses. Huyu alizaliwa Nigeria, akapelekwa Uingereza angali mtoto, baada ya wazazi wake kuuawa. Alinunuliwa na Chelsea mwaka 2012, naye mwaka 2013 alikuwa katika timu ya Nigeria iliyotwaa Kombe la Afrika. Hata hivyo kwa misimu mitatu Chelsea walimwazima kwa wengine, mara Liverpool, mara Stoke, mara West Ham, kama jembe lisilo na shamba. Alikuwa winga, na mawinga wa Chelsea walikuwa wengi na hodari. Conte akaona kwamba mtu huyu ana mapafu ya kukimbia uwanja mzima, na nguvu ya kurudi nyuma, akampa upande wa kulia wote, kushambulia na kulinda. Mtu aliyekuwa hana nafasi akawa nguzo ya timu bingwa. Kadhalika César Azpilicueta, beki wa pembeni asiye mrefu wa kimo, aliingizwa ndani awe mmoja wa mabeki watatu wa kati, naye akacheza kila dakika ya mechi zote 38. Kila ndege huruka kwa ubawa wake. Na kazi ya mwalimu ni kuujua ubawa wa kila ndege kabla ya kumlaumu kwamba haruki.

Bwana Mwenyekiti, tungekuwa wadanganyifu kama tungekomea hapa, tukawaambia kwamba dawa ya kushindwa ni mabeki watatu. Mpango wa mchezo si hirizi. Yako mambo mengine yaliyoisaidia Chelsea. Kwa kuwa walimaliza nafasi ya 10 mwaka uliotangulia, hawakuwa na mechi za mashindano ya Ulaya katikati ya juma, basi walipata siku za kufanya mazoezi ya mpango mpya mpaka kila mtu akajua hatua zake. Tena walikuwa na N'Golo Kanté pale katikati, mtu aliyetoka Leicester akiwa bingwa, ambaye aliifanya kazi ya kunyang'anya mpira kana kwamba ni watu wawili. Na mwaka uliofuata, Agosti 2017, mwalimu yule yule alianza msimu kwa kufungwa 3–2 nyumbani na Burnley, wachezaji wake wawili wakitolewa kwa kadi nyekundu. Alimaliza ligi katika nafasi ya tano, akatwaa Kombe la FA, na mwezi wa Julai 2018 akaondolewa. Kilichofaa mwaka mmoja hakikutosha mwaka wa pili.

Uko na mfano wa upande wa pili. Mwaka huo huo wa 2017 timu ya Crystal Palace, nayo ya London, ilimleta mwalimu Mholanzi, Frank de Boer, ambaye alianza msimu kwa mabeki watatu nyuma. Walishindwa mechi nne za kwanza za ligi bila kufunga bao lolote, na tarehe 11 Septemba mwalimu akaondolewa. Mpango ulifanana na ule ulioleta ubingwa mwaka uliopita, lakini watu hawakuwa wale, wala hawakupewa muda wa kuuzoea. Akaja mzee Roy Hodgson. Je, mabao yalianza kuingia mara moja? La. Walishindwa mechi tatu nyingine, bado bila bao, zikawa saba. Mechi ya nane waliwashinda Chelsea wenyewe, waliokuwa mabingwa, 2–1. Na bao la ushindi lilifungwa na Wilfried Zaha wa Côte d'Ivoire, aliyekuwa amerudi siku hiyo baada ya kuumia katika mechi ya kwanza ya msimu. Palace walimaliza wakiwa wa 11.

Mfano huu una mafunzo mawili, na haki yataka tuyaseme yote mawili. La kwanza, kubadili mwalimu huweza kufaa. Palace walipona chini ya Hodgson. La pili, kubadili mwalimu peke yake hakujazi pengo la mtu asiyekuwapo. Ugonjwa mmoja wa Palace ulikuwa wa hesabu: mshambuliaji wao mkubwa alikuwa mgonjwa, na aliporudi timu ilipata pumzi.

Sasa turudi nyumbani, tuitazame timu yetu kwa macho yale yale.

Mabeki wetu wawili wa kati wa mwaka jana wamehamishwa na kazi zao. Mmoja yuko Nakuru, mwingine yuko Mombasa. Hilo ni jambo la hesabu, wala hakuna wa kulaumiwa, maana kijana hawezi kuacha mshahara kwa ajili ya mchezo wa Jumapili. Nafasi zao zimejazwa na vijana wawili, na mmoja wao msimu uliopita alikuwa winga. Hilo ni jambo la mahali. Tena sehemu kubwa ya mabao tuliyofungwa yamepitia upande wetu wa kushoto, kwa sababu beki wa upande huo ameagizwa kupanda na kushambulia, na hakuna aliyeagizwa kukaa nyuma yake anapokwenda. Golikipa ambaye baadhi ya watazamaji humzomea ameachwa mara nyingi uso kwa uso na adui, peke yake. Mlinzi wa usiku hawezi kulaumiwa kwa wizi ikiwa mlango uliachwa wazi mchana.

Kwa hiyo sisi twaona kwamba kasoro nyingi za timu hii haziko katika tabia ya vijana wala katika umri wa wakongwe. Wakongwe watatu wanaotakiwa kuachwa ndio wanaojua kusema na wenzao uwanjani, kumwambia huyu kaa na yule rudi. Tukiwaacha leo, tutabaki na miguu yenye mbio isiyo na wa kuiongoza.

Kuna jambo moja zaidi, nalo tunalisema kwa adabu. Siku za mchezo wazee na wanachama wengi hukaa kandokando ya uwanja, na hilo latupa fahari. Lakini mmoja huita, "Panda!", na mwingine huita, "Rudi!", na mwalimu huita neno la tatu. Kijana aliyelelewa kwa heshima hawezi kumwacha baba yake akiita, asigeuke. Basi hugeuka, na adui hupita. Kijana mmoja hawezi kuwatii mwalimu mmoja na wazee kumi. Twawaomba wazee wetu watupe sauti zao za shangwe wakati wa mchezo, na sauti zao za shauri baada ya mchezo, kwa mwalimu, mahali pa faragha.

Labda mtu atauliza: kwa nini chama cha kusaidiana, chenye wafiwa wa kuwahani na watoto wa kuwalipia karo, kisumbuke na mpira? Jibu limo katika historia ya nchi yetu. Vilabu vikubwa vya Kenya vilizaliwa katika udugu wa namna hii hii yetu. Abaluhya, iliyokuja kuitwa AFC Leopards, ilianza mwaka 1964; Gor Mahia ilianza mwaka 1968. Viliwakusanya watu waliotoka mbali kutafuta kazi mijini, vikawapa mahali pa kukutana kila juma wasipotee. Navyo havikuishi kwa ushindi wa kila siku. Gor Mahia walipolitwaa Kombe la Washindi la Afrika mwaka 1987, fainali yao na Espérance ya Tunis iliamuliwa kwa sare mbili, 2–2 kule ugenini na 1–1 hapa Nairobi. Kombe lilikuja kwa yale mabao mawili ya ugenini. Wangekata tamaa kwa sababu hawakushinda hata moja ya mechi hizo, wasingeliinua kombe.

Vijana wetu wengi waliofika mjini miaka ya karibuni walikijua chama hiki kupitia timu kwanza, kabla ya kujua kwamba kinazika na kusomesha. Kijana ajaye mazoezini leo ndiye atakayebeba jeneza kesho, na kulipa mchango kesho kutwa. Tukiivunja timu kwa hasira ya mwezi mmoja, mfuko wa mazishi utapata shilingi chache mwaka huu, na utapoteza watoaji kwa miaka mingi ijayo.

Lakini subira isiyo na mpaka nayo ni ugonjwa. Wahenga waliosema haraka haraka haina baraka ndio hao hao waliosema ngoja ngoja huumiza matumbo. Kwa hiyo hatuwaombi mngoje bure. Twaleta mapendekezo manne ili mkutano uyapime.

Kwanza, mwalimu apewe mpaka mwisho wa mzunguko wa kwanza wa ligi, na asiondolewe kabla ya hapo kwa sababu ya matokeo peke yake.

Pili, katika muda wa majuma mawili mwalimu afike mbele ya Halmashauri, aeleze kazi ya kila mchezaji mmoja mmoja: nani hukaa, nani hupanda, na nani humlinda aliyepanda. Asipoweza kueleza, hilo litakuwa jibu tosha, na Halmashauri italileta kwenu.

Tatu, watafutwe mabeki wawili miongoni mwa watoto wa wanachama au jirani zetu, waandikishwe mara tu usajili utakapofunguliwa. Mpaka hapo, yule kijana aliyekuwa winga arudishwe pembeni, na mmoja wa wakongwe ashuke nyuma akazibe pengo la kati.

Nne, fedha ya timu isizidi ile ya mwaka jana, wala isiguse mfuko wa mazishi na karo hata kwa mkopo wa siku moja. Mweka hazina asome hesabu ya timu waziwazi katika kila mkutano wa robo mwaka, kila senti ionekane.

Mzunguko wa kwanza ukiisha na ufa ungali wazi, basi shauri lililoletwa leo lirudi mezani, nasi hatutalipinga. Lakini kama ufa utazibwa, twaomba wale waliotaka timu ivunjwe wawe wa kwanza kuja uwanjani, maana ukali wao ndio utakaokuwa umetuamsha sote.

Wazee wetu, ninyi mmeamua mashauri ya mashamba, ya mahari na ya mirathi, na mnajua kuliko sisi kwamba mwamuzi mwema huuliza kwanza kabla ya kuhukumu. Twawaomba mlipime jambo la vijana hawa kwa mizani ile ile. Mkiwaona hawafai baada ya kuwapa mahali panapowafaa, hukumu yenu itakuwa ya haki, na wao wenyewe wataikubali.

Mungu akibariki chama chetu, awape wagonjwa wetu afya na wafiwa wetu faraja.